Kwa nini upeleke mkutano Lindi, na lini usithubutu

Ofisi inayotafuta mahali pa kikao cha siku tatu cha watu 60 huandika kwanza Dodoma, Morogoro, Arusha na Dar es Salaam. Kikao kikihusu Kusini, Mtwara huongezwa. Lindi hutajwa mwisho, tena na mtu mwenye ndugu huko, na huondolewa haraka kwa hoja tatu: ni mbali, haina ndege, haina kumbi. Hoja hizo hazina uzito sawa. Umbali wa Lindi hubadilika kwa mwezi unaosafiri. Ndege za kutegemewa kweli ziko Mtwara, ila hilo halisumbui kama linavyosikika. Kumbi zipo, lakini za kiasi fulani tu, na hapo ndipo waandaaji wengi huumia, kwa kuwa wanauliza bei kabla ya kuuliza vipimo.

Tuanze na kinachovutia, kwa sababu watu wa Lindi wenyewe hawajui kukinadi. Wakiulizwa watasema bahari na samaki, vitu ambavyo pwani nzima inavyo. Sifa ya Lindi kama mji wa mikutano ni umbo lake, na umbo hilo limesalia kwa sababu mji ulipoteza cheo mapema.

Mji wenye umbo la makao makuu

Lindi imekaa kwenye mdomo wa Mto Lukuledi, upande wa magharibi wa ghuba, katika ukanda mwembamba kati ya maji na kilima. Mto unatokea upande wa Masasi, unapita bonde lililo kati ya nyanda za Makonde na Rondo, na unapokaribia bahari unapanuka kuwa mkono wa maji ya chumvi wenye mikoko kingoni. Misafara ya biashara kutoka Ziwa Nyasa ilimalizia safari hapa. Wajerumani wakajenga boma, na Waingereza wakaifanya Lindi kuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini, jimbo lililoanzia pwani hadi Ziwa Nyasa, Songea ikiwa ndani yake.

Kisha ukaja mradi wa karanga. Mwaka 1947 Waingereza waliamua kulima karanga kwa matrekta Kongwa, Urambo na Nachingwea, na Nachingwea ilihitaji bandari. Mizigo ya mwanzo ilipitia Lindi na kushushwa Mkwaya, ndani ya mkono wa mto, ambako reli ya Nachingwea ilianzia. Ubaya ni kwamba maji ya Lindi ni mafupi. Meli kubwa ilibidi zitie nanga mbali, mizigo ihamishiwe kwenye matishari, na kila kitu kingoje maji kujaa. Mtwara ilikuwa na bandari ya asili yenye kina, hivyo bandari mpya ikajengwa huko na kukamilika mwaka 1954. Wakati huo mradi wa karanga ulikuwa umeshaachwa tangu 1951, na reli nayo ikafungwa 1963. Lakini ofisi za jimbo zilikuwa zimekwishahamia Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 1950. Lindi ikarudishiwa hadhi ya makao makuu mwaka 1971, ilipomegwa kutoka Mtwara na kuwa mkoa, safari hii ikiwa na eneo dogo zaidi.

Mwandaaji wa mkutano anafaidi nini na habari hizi? Anafaidi mji uliopangwa wakati ambapo karani alikwenda kwa mguu kutoka bandarini hadi bomani, bomani hadi mahakamani, mahakamani hadi sokoni. Upanuzi mkubwa wa miaka ya 1950 ulikwenda Mtwara, ndiyo maana Mtwara imetawanyika: bandari kivyake, Shangani kivyake, uwanja wa ndege kivyake, na kila mjumbe anahitaji bajaji. Katikati ya Lindi, ofisi za serikali, soko, msikiti, benki, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine na ufukwe viko karibu kiasi cha kutembea.

Kwa kikao, hilo lina thamani kuliko kapeti la ukumbini. Aliyewahi kuendesha warsha Dar anajua siku ya pili inavyokuwa: theluthi wamerudi ofisini "mara moja", wengine wako Kariakoo, na mwenyekiti anasubiri akidi. Lindi hakuna pa kutorokea. Baada ya chai ya saa 4 watu wanarudi ukumbini, na jioni wanakutana tena mezani kwa sababu sehemu za kula zenye sifa ni chache tu. Kazi nyingi ya mkutano hufanyika kwenye meza hizo. Kama lengo ni kuwafanya watu wa halmashauri sita waelewane kuhusu jambo moja, usiku wawili wa pamoja Lindi una tija kuliko siku nne za hoteli kubwa.

Faida ya pili ni viongozi. Mkuu wa Mkoa, Katibu Tawala, wakuu wa idara za mkoa na manispaa wako hapo hapo. Mjumbe akihitaji sahihi, takwimu au ufafanuzi, anavuka barabara.

Mpaka wa Lindi ni idadi ya watu. Kati ya 30 na 100 mji unakubeba vizuri. Ukifika 120 utaanza kulaza watu kwenye nyumba za wageni nne au tano zenye hadhi tofauti, na malalamiko ya asubuhi ya kwanza yatakula muda wa ufunguzi. Watu 300 wapeleke Mtwara au Dodoma, bila kuona haya.

Njia ya kufika

Kutoka Dar es Salaam kwa barabara ni kilomita 450 hivi, lami tupu. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa 2003 na kumaliza enzi za kulala kwenye foleni ya pantoni. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60, ndicho kilichochelewa kuliko vyote kuwekewa lami, na ndicho bado kinachohitaji kuulizwa kabla ya safari. Pale barabara inapita kwenye udongo wa mfinyanzi na mabonde yanayopokea maji mengi kwa muda mfupi. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara eneo la Somanga, na Kusini ikabaki bila njia ya moja kwa moja ya kwenda Dar kwa siku kadhaa. Basi huchukua saa 7 hadi 9, gari dogo saa 6 na ushee likiheshimu alama za 50 vijijini. Liheshimu: matrafiki wa njia hii hawalali.

Njia ya pili ni ndege hadi Mtwara, kama saa moja angani kutoka Dar, halafu kilomita 100 na kidogo kwa gari. Watu wanaikataa kwa kudhani ni kuzunguka, lakini piga hesabu: mjumbe anayetua Mtwara asubuhi anakula chakula cha mchana Lindi. Gari linapita Mikindani, kilomita 10 hivi kutoka Mtwara mjini, ambako boma la Wajerumani la 1895 bado limesimama na limegeuzwa hoteli. Mahali pazuri pa kunywesha wageni chai wakati wa kusubiri waliochelewa mizigo. Mbele kidogo ya hapo safari ni ya kuelekea Mnazi Mmoja, Mingoyo, njia panda inayogawa Masasi na Lindi. Dereva mgeni akishika ya Masasi bila kuuliza atagundua kosa akiwa Nyangao.

Makosa ya njia ya anga ni mawili. La kwanza ni kupanga wajumbe wafike siku ya ufunguzi. Safari za Mtwara ni chache kwa siku, ikiahirishwa moja hakuna nyingine ya kudakia, kwa hiyo wajumbe wote wafike jana yake. La pili ni kukodi Coaster moja kwa ndege mbili zinazotofautiana kwa saa nne. Kundi la kwanza litakaa uwanjani, litakasirika, na litafika ukumbini na hasira hizo. Kodi Noah mbili au Hiace mbili, gharama inakaribiana. Kiwanja cha Kikwetu, kaskazini mwa mji, kipo kwa ndege ndogo za kukodi, ila usikiweke kwenye mpango wa wajumbe wa kawaida.

Wanaotoka Songea wapitie Tunduru na Masasi hadi Mingoyo. Ni siku nzima ya gari, na posho zao zihesabiwe hivyo.

Miezi

Hapa ndipo umbali unapobadilika. Kusini haina masika na vuli kama Dar. Ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei, na mwisho wa msimu ndio unaoharibu barabara kwa sababu ardhi imeshashiba. Machi na Aprili usipange mkutano ambao lazima watu 40 watoke Dar kwa basi siku moja.

Juni hadi Septemba ni kiangazi, upepo wa kusi unapoza mji, na barabara ni salama. Tatizo la kiangazi ni vitanda. Juni na Julai kuna minada ya ufuta, na Lindi ni mkoa wa ufuta hasa, kwa hiyo wanunuzi, madalali na maofisa wa ushirika wanajaza vyumba siku za mnada. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti ni Nanenane ya Kanda ya Kusini kwenye viwanja vya Ngongo, nje kidogo ya mji. Wiki hiyo usiombe hata godoro. Taasisi zote za Lindi na Mtwara zina mabanda pale, na kila banda lina watu wa kulala. Oktoba hadi Desemba ni korosho: minada kila wiki, malori ya maghala, fedha mkononi mwa watu, bei za vyumba juu. Faida moja ya msimu huo ni kwamba kama mkutano wako unahusu wakulima au vyama vya ushirika, wahusika wote wako mkoani. Hasara ni kwamba hawana muda na wewe.

Tafuta basi nafasi kati ya Agosti 15 na mwisho wa Septemba. Vyumba vinapatikana, hewa ni nzuri, barabara kavu, na mwaka mpya wa fedha umeshaanza hivyo malipo ya taasisi za serikali yanatembea. Nafasi ya pili, finyu, ni mwisho wa Mei. Jambo jingine la kuangalia ni mazungumzo ya mradi wa gesi kimiminika wa Likong'o: yakipamba moto, wageni wa wizara na makampuni huja kwa makundi na kushika vyumba vizuri kwanza.

Mwezi wa Ramadhani mkutano unawezekana lakini ubadilishwe sura. Wakazi wengi wa Lindi ni Waislamu, migahawa mchana hufungwa, na nguvu za watu baada ya saa 8 mchana zimekwisha. Anza saa 2 asubuhi, maliza saa 7 na nusu, na fedha ya chakula cha mchana ihamishie kwenye futari ya pamoja. Nje ya Ramadhani, kosa la kawaida ni Ijumaa: ratiba inaandikwa na mtu wa Dar ikiwa na mada hadi saa 7 kamili. Ukumbi utabaki na watu wachache. Ijumaa vunja saa 5:45, rudi saa 8.

Ukumbi, umeme na maji

Mwenye ukumbi akikwambia unachukua watu 150, muulize wamekaaje. Mara nyingi anahesabu viti vya plastiki vya harusi, vimebanana, bila meza. Kikao cha kazi ni jambo jingine. Pima mwenyewe kwa futi kamba. Mtu aliyekaa kwenye kiti peke yake anahitaji karibu mita moja ya mraba, mwenye meza mbele yake mita 1.7, na mpangilio wa meza wa umbo la U unakula mita 2.7 kwa kila mjumbe. Ukumbi wa mita 12 kwa 8 una mita za mraba 96. Huo utakaa watu 90 wa kusikiliza hotuba, 55 wa kuandika, na 35 tu wa kujadiliana wakitazamana. Ukiwa na watu 60 wa kuandika, ukumbi kama huo ulioambiwa ni wa "watu 150" haukutoshi, na utagundua hilo saa 2 asubuhi wakati wahudumu wanatoa meza nje.

Angalia pia mgongo wa jukwaa. Kumbi nyingi za pwani zina madirisha mapana upande wa bahari, na mpangaji kwa kupenda mandhari anaweka meza kuu pale. Matokeo yake wajumbe wanatazama mwanga mkali, hawaoni sura ya msemaji wala picha ya projekta. Meza kuu ikae upande wa ukuta wa kilimani, bahari iwe ubavuni.

Umeme wa Lindi na Mtwara kwa miaka mingi umetegemea mitambo ya gesi iliyoko Mtwara, na laini ndefu ikipata hitilafu miji yote miwili inaguswa. Kwa hiyo usiulize kama jenereta lipo. Uliza linabeba nini. Hesabu ni rahisi. Kompyuta mpakato 40 kwa wati 60 ni wati 2,400. Projekta ni wati 300. Vipaza sauti ni kama wati 800. Viyoyozi vinne vya BTU 18,000 kila kimoja kinakula kama wati 1,700, jumla wati 6,800. Umefika kilowati 10 na ushee, ambazo kwa lugha ya jenereta ni kVA 13. Viyoyozi vinapowaka huvuta zaidi kwa sekunde chache, hivyo kVA 20 ndiyo ya kulala usingizi. Jenereta dogo la petroli la kilowati 3 litaendesha projekta na sauti tu, na ukumbi wa Lindi bila kiyoyozi mwezi Desemba hauvumiliki baada ya chakula cha mchana. Mwambie fundi aliwashe mbele yako kwa dakika 15 viyoyozi vikiwa vimewaka, usikubali kuonyeshwa kwa macho. Ukimaliza, angalia kiasi cha dizeli.

Maji nayo. Mradi wa visima vya Ng'apa ulipunguza sana shida ya zamani ya mji, lakini nyumba ya wageni yenye vyumba 40 inahitaji lita 4,000 kwa siku kwa makadirio ya lita 100 kwa mgeni. Tanki moja la lita 2,000 juu ya paa litaisha wageni wa mwisho wakiwa na sabuni mwilini. Panda ngazi uhesabu matanki. Wenyeji watakucheka. Waache.

Intaneti ya simu inatosha kwa barua pepe na mkutano wa video wa skrini moja. Kinachoiangusha ni watu 60 kushika mtandao mmoja wa ukumbi na simu zao kuanza kupakua masasisho. Tenga laini ya kampuni tofauti kwa ajili ya kompyuta ya meza kuu peke yake, na nyaraka zote zigawiwe kwa flashi jana yake.

Kuvuka maji na kuona mambo

Mwandaaji mgeni hupenda kuweka "matembezi ya boti saa 10 jioni" siku ya pili bila kuuliza maji. Boti inakwama kwenye tope, wageni wanashuka na viatu mkononi. Pwani hii maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, na saa zake zinafuata mwezi. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu saa 10 jioni na kupwa karibu saa 4 asubuhi. Kila siku inayofuata saa hizo zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya wiki moja, siku za maji mafu, hali inageuka: saa 10 jioni maji yako chini. Kwa hiyo kama unataka wajumbe wapande Lukuledi kuona mikoko baada ya kikao, panga mkutano uangukie siku ya kwanza hadi ya tatu, au ya 14 hadi ya 17, ya mwezi mwandamo. Nahodha yeyote atakwambia saa kamili bila kufungua simu. Maboya yavaliwe na kila mtu, hata mheshimiwa aliyevaa suti. Jua linazama saa 12 na dakika kadhaa nyuma ya kilima, na giza linaingia upesi, hivyo boti igeuze saa 11 na nusu. Mtoni kuna viboko, hapafai kukutwa na usiku.

Asiyependa boti apande pantoni ya kwenda Kitunda, ng'ambo ya pili. Ni safari fupi, ya bei ya kila siku, na ukiwa ng'ambo unauona mji wote kwa mara moja: bandari, majengo ya zamani, kilima.

Tendaguru inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu wageni wote wataiulizia na wengi wanaambiwa uongo. Kilima cha Tendaguru kiko kama kilomita 60 kaskazini magharibi ya mji. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani wa makumbusho ya Berlin walichimba hapo mifupa ya dinosaria, kazi ikifanywa na mamia ya vibarua wa huku huku Kusini chini ya msimamizi Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 zilibebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne hivi, zikapakiwa melini. Kiunzi kikubwa kilichosimamishwa Berlin mwaka 1937 kina urefu wa mita 13 na ushee kwenda juu, na suala la kukirudisha limezungumzwa bungeni kwetu zaidi ya mara moja. Ila Tendaguru kwenyewe hakuna kiunzi, hakuna jumba la makumbusho. Kuna kilima, pori na mashimo ya zamani yaliyofukiwa. Njia ni ya mchanga na vumbi, inataka gari la magurudumu manne yote, kiangazi tu, na inakula siku nzima kwenda na kurudi. Wapeleke wanajiolojia, walimu wa historia na wanaopenda safari ngumu. Wengine waelezwe habari hiyo wakiwa bandarini Lindi, mahali ambapo mifupa ilipakiwa. Inawaingia vizuri zaidi kuliko kutikiswa saa tano garini.

Kilwa Kisiwani, iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, iwekwe njiani kwa wanaorudi Dar kwa barabara, wakalale Kilwa Masoko. Kuiunganisha na siku ya kikao ni kujidanganya.

Chakula

Mpe mpishi idadi ya kweli saa 12 jioni ya siku iliyotangulia, kwa sababu samaki mzuri hununuliwa alfajiri, na aliyeambiwa "watu 60, labda 80" atanunua kuku wa friji. Changu wa kupaka, pweza wa nazi na wali wa nazi ndizo sifa za hapa. Kwa chai ya saa 4 achana na sambusa zilizopoa na soseji. Agiza ming'oko. Ni viazi vyembamba vya porini, urefu wa kidole au zaidi, vinavyochimbwa kiangazi na kuchemshwa na maganda yake. Unakimenya kwa vidole, ganda linatoka kama soksi, ndani ni cheupe na kina utamu wa mbali, unachovya kwenye chumvi na pilipili. Akina mama wanaouza standi wanaweza kukuletea sinia tatu kwa taarifa ya siku moja, na mjumbe wa Arusha atakuwa anauliza habari zake hadi mkutano unakwisha. Korosho za kukaanga ziwepo mezani, zinunuliwe kwa wabanguaji wadogo wa mjini. Aibu kubwa ni mkutano wa Lindi kugawa korosho za pakiti zilizonunuliwa Dar.

Malipo na mgeni rasmi

Kabla ya kulipa amana, hakikisha mtoa huduma ana mashine ya risiti za kodi (EFD) inayofanya kazi na namba ya mlipakodi inayolingana na jina la biashara. Nyumba ndogo nyingi hazimo kwenye kodi ya ongezeko la thamani (VAT), kwa hiyo bei yao haiongezewi asilimia 18 na inaonekana nafuu, lakini taasisi yako bado inaweza kukata kodi ya zuio kwenye malipo ya huduma. Mwenye nyumba asipoambiwa hilo mapema ataona amedhulumiwa siku ya mwisho, na funguo za ukumbi ziko kwake. Liandikwe kwenye makubaliano. Ukumbi wa serikali unalipiwa kwa namba ya malipo, nayo iombwe siku tatu kabla, maana mtandao wa kuitoa huwa na siku zake.

Mgeni rasmi anaombwa kwa barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wiki mbili kabla kwa uchache, ikiambatana na dhana ya mkutano, ratiba na rasimu ya hotuba isiyozidi kurasa nne. Mkuu wa Mkoa akiitwa kwingine, atakuja Mkuu wa Wilaya au Katibu Tawala mwenyewe, na taarifa hiyo inaweza kukufikia saa 1 asubuhi. Kwa hiyo bango lichapishwe bila jina la mgeni rasmi, cheo chake kisiandikwe kwenye vyeti, na saa ya ufunguzi iwe saa 4, baada ya mada moja ya kitaalamu iliyoanza saa 2 na nusu. Akichelewa, kazi inaendelea. Akifika mapema, mtoa mada anajua mahali pa kukatia.